Jiwe kwenye mchele, au usalama wa chanjo tunauhesabu vipi

Juzi baada ya laasiri napita barazani hapa Chake nikakuta watu wanabishana mambo ya chanjo, na kwa vile wanajua kazi yangu ndo hiyo, kufuatilia madhara ya dawa na chanjo, nikavutwa nikawekwa kati. Mzee mmoja, nimempa shikamoo yake hata sijakaa sawa, akanambia, "Mwanangu, nyie mna haraka kama watu wanaokimbilia boti. Chanjo isitoke mpaka mhakikishe haina madhara hata chembe."

Nikaahidi nitaliandika, maana pale kila mtu anasema yeye.

Kwanza hofu ya mzee si ya kuidharau. Hapahapa Pemba, 2002 mpaka 2003, kulikuwa na utafiti mkubwa wa kuwapa watoto vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kitu ambacho kila mtu alikiona lishe tu, nani aogope chuma? Agosti 2003 chuma kikasimamishwa kabla ya wakati, waliopewa walikuwa wanalazwa au kufa zaidi kuliko wenzao, na malaria wakati ule ilikuwa bado inatusumbua sana. Na ile wala si chanjo.

Ila hiyo "hata chembe" ndo inayonishinda. Chukua mchele. Umechambua sinia moja hukuona jiwe, utaapa gunia zima halina jiwe? Na sie hesabu yetu ndo hiyohiyo, ukiwachanja watu 3,000 asipate hata mmoja tatizo fulani, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba tatizo hilo halizidi mtu mmoja kwa 1,000. Basi. Ukitaka useme halizidi mmoja kwa 100,000 utafute watu 300,000, na wote hao uwafuatilie, na huku ugonjwa wenyewe haukungojei.

Sasa mfano ambao mie hunikera kila nikiusoma. Agosti 1998 Marekani waliruhusu RotaShield, chanjo ya kwanza ya rota, kile kirusi kinachowaharisha watoto wachanga. Kwenye majaribio walichanjwa watoto kama 10,000, watano wakapata shida ya utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, mfano wa mkono wa kanzu unapojikunjia kwa ndani ukiivua kwa pupa, lakini kihesabu watano hawakutosha kusema ni chanjo. Ilipoanza kutumika kwa watoto wengi ndo ikaonekana, kama mtoto mmoja kwa kila 10,000, na Oktoba 1999 ikaondolewa sokoni. Kwa Marekani ni uamuzi wa sawa kabisa, kule rota ilikuwa inaua watoto kati ya 20 na 60 kwa mwaka na ukiharisha dripu iko karibu. Lakini duniani ilikuwa inaua zaidi ya 400,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na hakuna waziri wa afya wa huku ambaye angesimama mbele ya watu wake akasema nawaletea chanjo waliyoikataa Wamarekani. Zilizofuata zikabidi zijaribiwe kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja. Kwetu Tanzania tone la rota limeanza 2013. Hesabu mwenyewe miaka. Na baadae ufuatiliaji wa nchi saba za Afrika, sisi tukiwemo, haukuona utumbo kujikunja kuongezeka kwa sababu ya chanjo hiyo.

Mmoja barazani akasema hayo ya Wazungu, lete ya kwetu. Haya. Mwanzoni mwa 2009 tulifanya kampeni ya chanjo ya kipindupindu, ile ya kunywa, dozi mbili, kwenye baadhi ya shehia za Unguja na Pemba. Wajawazito wakaambiwa wasinywe, kwa usalama wao. Lakini mwanamke mwenye mimba ya wiki tatu nani amemwambia ana mimba? Wakanywa bila kujua, na watafiti walipowafuatilia baadae hawakuona ushahidi kuwa chanjo iliwadhuru wao wala watoto wao. Kipindupindu chenyewe kikimshika mjamzito kinaweza kumuondoa mtoto tumboni kwa ule ukavu wa mwili tu. Yaani tuliwaweka pembeni waliokuwa na la kupoteza zaidi, tukaita tahadhari. Shirika la Afya Duniani ilipofika 2017 likasema wajawazito waingizwe kwenye kampeni hizi.

Mzee alikuwa kimya muda mrefu. Akauliza, sasa huyo aliyesimamisha chuma ni nani? Nikamueleza kuna kamati ya pembeni, madaktari na watu wa takwimu, wao peke yao ndo hufunguliwa siri ya nani kapewa nini wakati utafiti bado unaendelea, sie tunaogawa dozi hatujui. Wakiona mambo hayaendi wanashauri isimame.

"Na hao posho zao anatoa nani?"

Nikamwambia kweli, mara nyingi ni mdhamini huyohuyo wa utafiti, ila wanatakiwa wasiwe na hisa wala kazi kwake. Akaweka kikombe chini akanitazama. "Ungeanza na hilo," akasema, na maghribi ikaadhiniwa tukainuka.