Farasi anachechemea na hujui ni kwa nini? Usianze na eksrei

Simu za farasi wanaochechemea tunazopata hapa kliniki zinafanana sana, mtu ameona mguu hauko sawa kama wiki mbili hivi, hakuna kidonda, hakuna uvimbe, na sai anataka kujua eksrei ni pesa ngapi. Mimi humwambia eksrei ngoja kwanza. Ukipiga picha mguu wote kabla ya kujua uchungu uko wapi utalipa nyingi na urudi nyumbani na maswali yale yale.

Anza na simu yako. Mwambie saisi (mtunza farasi) amkimbize farasi mwendo wa troti, yaani mbio za polepole, mahali pagumu na tambarare, murram iliyoshindiliwa iko sawa, na kamba iwe imelegea manake ukishika kichwa kwa nguvu unaficha dalili yote. Mrekodi akija, akienda na kwa upande. Mguu wa mbele ukiwa na shida kichwa kinapanda ule mbovu ukikanyaga na kinashuka ule mzima ukikanyaga, watu wengi wanalisoma hili kinyume na wanaishia kutibu mguu usio na shida, nimeyaona hayo. Ya nyuma angalia nyonga, iko moja itapanda na kushuka kuliko mwenzake.

Halafu shika kwato. Shida nyingi za mguu wa mbele ziko chini, ndani ya kwato, hata kama jirani anakuapia ni bega. Linganisha joto la kwato zote nne, kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo pale juu ya kwato utafute mshipa. Kawaida unapiga kidogo tu hata unaweza kuukosa. Ukiwa unadunda kwa nguvu mguu mmoja tu na farasi alikuwa mzima jana na leo hataki kukanyaga, hapo kuna uwezekano mkubwa ni jipu la kwato. Daktari au fundi wa kwato anakwangua kidogo kwenye mstari mweupe chini ya kwato, pale ukuta wa kwato unapokutana na unyayo, maji meusi yananuka yanatoka, na mara nyingi farasi anapata nafuu haraka. Baadaye ni maji ya vuguvugu na chumvi ya epsom, pampasi ya mtoto na selotepu ngumu juu yake, basi. Hakuna eksrei hapo.

Kama kwato haisemi kitu, pesa yako iende kwa daktari mwenye sindano ya ganzi. Anaanza chini anapanda, sehemu kwa sehemu, na kila mara farasi anakimbizwa tena. Akiacha kuchechemea umejua uchungu ulikuwa pale, sasa ndio upige picha pale peke yake. Na tafadhali usimpe byuti (dawa ya maumivu ya farasi) asubuhi hiyo daktari anakuja, atakuta farasi anatembea vizuri na utakuwa umelipa bure. Kuongeza dozi mwenyewe ndio kabisa, hiyo dawa inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Kuna aina ingine ambayo inasumbua watu hapa kwetu na hawaishuku. Jamaa mmoja ambaye farasi wake hubeba watoto wikendi aliniambia, "Daktari, leo ni wa kulia, wiki ijayo ni wa kushoto, huyu ananicheza." Mimi sikuuliza mguu, niliuliza anakula nini. Nyasi ya kikuyu ya pale kando ya barabara, na jioni debe la pumba za ngano kwa sababu ndio bei anayoiweza. Sasa kikuyu iko na oksaleti inayofunga kalsiamu isiingie mwilini, na pumba nazo zimejaa fosforasi, kalsiamu hakuna ya maana. Mwili unaanza kukopa kwa mifupa. Uchechemeaji unahama mguu hadi mguu, farasi anakuwa mgumu mgumu, na ukichelewa sana mifupa ya uso inavimba pande zote mbili. Kipimo cha damu kinaweza kukudanganya hapa, kalsiamu ya damuni inaonekana sawa tu manake mifupa ndio inalipa deni. Punguza pumba, changanya kikuyu na nyasi kavu ya boma rhodes, na uulize agroveti chokaa ya lishe ya mifugo (si ya kupaka ukuta jamani) halafu daktari akupimie kiasi. Ni miezi, si wiki, na farasi wa huyo jamaa wa wikendi ilibidi apumzishwe wakati wote huo, mwenyewe hakufurahia hata kidogo.

Mambo ya kungoja na kurekodi video yasifanywe kwa farasi asiyeweza kukanyaga kabisa na mguu umepinda, aliye na kidonda karibu na kiungo, au anayesimama ameegemea nyuma kuzikwepa kwato za mbele, hasa kama alivunja stoo akala nafaka. Hao ni wa kupigiwa daktari saa hiyo hiyo. Na akikanyaga msumari, kabla hujautoa piga picha na simu ionekane umeingia wapi na umeelekea wapi, na uulize sindano ya pepopunda siku hiyo, farasi hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko ng'ombe.