Je, Wajua Setilaiti Hujuaje Mlipuko wa Gama Umetoka Wapi Angani?

Takriban mara moja kwa siku, kutoka upande wowote ule wa anga, miale ya gama hutumiminikia kwa sekunde chache kisha hukatika. Mipigo mingine hata sekunde moja haimalizi. Ile mikali huweza kufunika vyanzo vingine vyote vya gama angani kwa muda huo, na bado hakuna anayekatizwa usingizi: macho yetu hayaoni gama, na angahewa huimeza kabla haijafika ardhini. Anayetaka kuinasa hana budi kupeleka vifaa juu ya angahewa.

Kuinasa, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoumiza vichwa ni kujua imetoka wapi.

Darubini ya kawaida hukusanya nuru kwa kioo na kuikutanisha mahali pamoja ili kupata picha. Ukiiona nyota katikati ya picha, unajua darubini ilikuwa imeelekea wapi, basi. Gama haikubali mchezo huo. Ina nishati kubwa mno kiasi kwamba ikifika kwenye kioo hupenya moja kwa moja, au hugonga atomu zilizomo ndani na kuishia humo humo. Kwa hiyo kihisi cha gama, katika umbo lake la msingi, ni bonge la fuwele, mara nyingi ya iodidi ya sodiamu. Fotoni ya gama, yaani chembe moja ya miale hiyo, ikiingia humo, fuwele hutoa cheche hafifu ya nuru ya kawaida. Kifaa kilichopachikwa nyuma yake huigeuza cheche kuwa mpigo wa umeme, na kompyuta huhesabu. Kuhesabu huko hakukomi, maana anga za juu zimejaa mionzi ya kila aina. Hesabu ikiruka ghafla kupita kiwango cha kawaida, kompyuta hupiga king'ora. Fuwele imesema ni lini na kwa nguvu kiasi gani. Kuhusu wapi, iko kimya.

Waliokumbana na tatizo hili kwanza wala hawakuwa na haja na nyota. Mwaka 1963 Marekani, Muungano wa Kisovyeti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji. Mlipuko wa nyuklia hutoa gama, kwa hiyo Marekani ikarusha setilaiti za Vela, zaidi ya kilomita 100,000 kutoka duniani, kuchunga kama kuna atakayevunja mkataba kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mpigo ambao haukufanana kabisa na bomu. Ilikuwa mwaka 1969 ndipo Ray Klebesadel na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos walipoukuta wakipitia data za nyuma. Mwaka 1973, pamoja na mwenzao Ian Strong, walichapisha habari za milipuko 16 iliyonaswa kati ya 1969 na 1972.

Kabla ya kuchapisha ilibidi wathibitishe kwamba mipigo ile haikutoka duniani wala kwenye Jua. Walitumia mbinu ambayo mpaka leo haijazeeka: tofauti ya saa.

Miale hii husafiri kwa kasi ya nuru, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Setilaiti mbili zikiwa zimeachana, wimbi la gama huipitia moja kabla ya nyingine, isipokuwa pale linapokuja kwa ubavu na kuzifikia zote kwa pamoja. Ukijua umbali kati yake na ukapima moja imetangulia kwa muda gani, unapata pembe kati ya chanzo na mstari unaoziunganisha. Pembe hiyo peke yake haitoshi. Ziko pande nyingi za anga zenye pembe ile ile, na ukizichora zote unapata duara. Mlipuko uko mahali fulani juu ya duara hilo. Setilaiti ya tatu huleta duara jingine, na maduara mawili hukatana sehemu mbili. Ya nne, ikiwa haiko katika bapa moja na zile tatu, huamua ni ipi kati ya sehemu hizo mbili iliyo ya kweli.

Hapa umbali ndio mali. Tuseme vipimo vya muda vinakosea kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo nuru huwa imekwenda kilomita 3,000. Kwa setilaiti mbili zilizoachana kilomita 6,000 hapo juu ya dunia, kosa hilo ni nusu nzima ya nafasi iliyopo kati yake, na jibu litakalopatikana halimfikishi mtu popote. Lakini chombo kimoja kikiwa jirani na Mirihi, zaidi ya kilomita milioni 100 kutoka kwetu, kosa lile lile halifui dafu: duara linabaki uzi mwembamba. Ndiyo sababu tangu miaka ya mwisho ya 1970 wanaanga wamekuwa wakipachika vihisi vya gama kwenye vyombo vinavyokwenda mbali kwa shughuli nyingine kabisa, kuchunguza Zuhura, Mirihi au upepo wa Jua, kisha wanalinganisha saa zao. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika habari hii: kipimo kimoja, ncha zake zikiwa kwenye sayari mbili.

Tazama kilichotokea tarehe 15 Aprili 2020. Mpigo wa gama uliodumu milisekunde 140 ulipita Mirihi, ukagusa kihisi cha Kirusi kilichomo ndani ya chombo cha Mars Odyssey. Dakika 6.6 baadaye ukafika kwenye chombo cha Wind, kinachokaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa Jua. Sekunde 4.5 tena, ukaipita dunia na kuamsha setilaiti za Fermi na INTEGRAL. Zidisha hizo dakika 6.6 kwa kasi ya nuru, utapata takriban kilomita milioni 119 za kupimia. Maduara yalipochorwa yakakutana juu ya galaksi ya NGC 253, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 11.4. Chanzo kikaonekana kuwa magneta, yaani nyota ya nutroni (kiini kilichosongamana mno cha nyota iliyokufa) yenye usumaku uliopindukia, iliyotoa mmweko mkubwa. Bila kujua mahali, mpigo ule ungeingizwa daftarini kama mlipuko mfupi wa kawaida, kwa maana kwa umbo ulifanana nao.

Mbinu hiyo ina kasoro moja kubwa: haina haraka. Data za chombo kilicho Mirihi huja kwa zamu yake, na zikifika inaweza kuwa saa kadhaa au siku nzima imepita. Kwa hiyo kukatafutwa njia ya setilaiti moja kujitegemea.

Njia rahisi ni kuweka vihisi vingi vikiangalia pande mbalimbali. Kinachotazamana na mlipuko hupokea fotoni nyingi, kilichopinda hupokea chache, na uwiano wao unaonyesha upande. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa Aprili 1991, ilikuwa na vihisi nane vya aina hiyo kwenye pembe zake. Fermi, iliyorushwa Juni 2008, ina 12 vya iodidi ya sodiamu. Uzuri wake ni kwamba vinaona karibu anga lote ambalo halijazibwa na dunia. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi jibu hukosea kwa digrii kadhaa, na mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Ndani ya eneo kama hilo kuna galaksi zisizo na idadi. Tena baadhi ya gama huwa imedunda kwanza kwenye angahewa ya dunia au kwenye mwili wa setilaiti yenyewe, ikaingia kwenye kihisi kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo makadirio hayo yalifundisha jambo. Hadi ilipoangushwa baharini Juni 2000, Compton ilikuwa imenasa milipuko 2,704, nayo ilitapakaa sawasawa angani bila kujikusanya kwenye ukanda wa galaksi yetu. Ilikuwa dalili nzito kwamba vyanzo viko mbali mno, ingawa wapo waliong'ang'ania kuwa viko pembezoni mwa galaksi yetu. Ubishi wa aina hiyo hauishi mpaka mtu aonyeshe kidole mahali penyewe.

Kidole hicho kilitoka kwenye kivuli. Chukua chekecheke ulishike juani, halafu ulisogeze huku na huku: madoa ya mwanga na kivuli yaliyoko chini yatahama kadiri pembe inavyobadilika. Ukiujua mpangilio wa matundu, na ukayaona madoa, unaweza kukokotoa jua liko upande gani bila kuinua uso. Barakoa ya vivuli iliyomo kwenye setilaiti hufanya hivyo kwa gama. Kwenye Swift, setilaiti iliyorushwa na Marekani tarehe 20 Novemba 2004 kwa kushirikiana na Uingereza na Italia, barakoa hiyo ina vigae vya madini ya risasi vipatavyo 52,000, kila kimoja na upana wa milimita 5. Vimepangwa bila utaratibu, kwa makusudi: mpangilio unaojirudia ungetoa kivuli kile kile kwa pembe tofauti, na kompyuta ingechanganyikiwa. Mita moja chini yake kuna vihisi vidogo 32,768. Mlipuko ukitokea, kompyuta husoma vihisi vipi vimepigwa na vipi vimekingwa, kisha hutafuta pembe pekee inayoweza kutoa kivuli cha namna hiyo. Ndani ya sekunde kama 20 jibu huwa limepatikana, kwa kosa dogo kuliko robo ya upana wa mwezi.

Setilaiti ya Italia na Uholanzi iitwayo BeppoSAX ndiyo iliyotangulia kuonyesha faida ya kivuli. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko, kamera yake yenye barakoa ikakadiria mahali, na baada ya saa kama nane wahandisi wakawa wameigeuza ili darubini zake za eksirei zielekee huko. Eksirei, tofauti na gama, hukubali kuakisiwa zikija kwa kuparaza kioo. Wakakuta kitu kinachong'aa, kisha siku chache baadaye kikawa kimefifia sana. Darubini ya William Herschel huko La Palma ikaona mng'ao uo huo kwa nuru ya kawaida. Mei mwaka huo huo mlipuko mwingine ulipatikana kwa njia hiyo, na darubini ya Keck huko Hawaii ikapima nuru yake: ilikuwa imetoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru. Ubishi ukaishia hapo.

Swift iliundwa ili zile saa nane ziwe sekunde. Ikishakokotoa kivuli hujigeuza yenyewe, bila kusubiri amri ya mtu, na kwa kawaida ndani ya dakika moja na nusu darubini yake ya eksirei huwa inatazama mahali pale. Sasa kosa linashuka hadi sehemu moja kati ya mia kadhaa ya upana wa mwezi, kiasi cha kutosha kuitambua galaksi husika. Taarifa hurushwa ardhini mara moja na kusambazwa kwa mtandao, darubini nyingine zikipokea na kugeuka zenyewe. Haraka hii ina sababu: mng'ao unaobaki baada ya gama hufifia saa kwa saa. Mlipuko wa 19 Machi 2008 uling'aa kiasi kwamba mtu aliye gizani angeweza kuuona kwa macho matupu, ila kwa takriban nusu dakika tu.

Ving'ora vya uongo navyo havikosekani. Jua hulipuka. Chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa dunia hugonga fuwele, hasa juu ya Atlantiki ya Kusini ambako ukanda wa mionzi umeshuka chini zaidi, na setilaiti nyingi hulazimika kuzima vihisi zikipita hapo. Hata mvua za radi hutoa mimweko ya gama kwenda juu, jambo lililogunduliwa na Compton ikiwa kwenye shughuli zake nyingine.

Wakati mwingine hata ukimya husaidia. Tarehe 17 Agosti 2017 Fermi ilinasa mlipuko mfupi, sekunde 1.7 tu baada ya vituo vya LIGO nchini Marekani kunasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati, ya nyota mbili za nutroni zikigongana. Kituo cha Virgo nchini Italia, nacho cha kunasa mawimbi hayo, kilikuwa kikifanya kazi barabara, lakini hakikusikia karibu chochote. Maana yake mawimbi yalikuja kutoka upande ambao Virgo ina upofu, na upande huo ni mdogo. Eneo la msako likabaki finyu, na saa 11 hivi baadaye darubini ya Swope huko Chile ikaona doa jipya kwenye galaksi ya NGC 4993, miaka ya nuru milioni 130 kutoka hapa.

Na wakati mwingine mlipuko wenyewe huzidi vifaa. Tarehe 9 Oktoba 2022 Fermi ilipigwa na mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa, hata vihisi vyake vikashindwa kuhesabu fotoni zote. Swift haikuwa ikiona upande huo. Karibu saa moja baadaye ikageukia huko, na mng'ao uliobaki ulikuwa bado mkali kiasi cha kupiga king'ora upya. Kwa kuwa mahali pale pako karibu na ukanda wa Njia Nyeupe, mwanzoni ulidhaniwa kuwa kitu cha humu humu ndani ya galaksi yetu na kupewa jina la hivyo. Mpaka mtu alipooanisha mahali hapo na taarifa ya Fermi ya saa iliyotangulia, ndipo ikajulikana ni mlipuko mmoja. Jina likabadilishwa kuwa GRB 221009A (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama), na darubini ya VLT huko Chile ikapima umbali wake: karibu miaka ya nuru bilioni 2.