Breka Ikijizima, Usiweke Kubwa Zaidi

Katika ukaguzi wa nyumba na vibanda vya biashara, kuanzia Igoma hadi Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, kosa moja linajirudia. Breka ya ampea 20 inajizima jioni, fundi anaitwa, anaweka ya 32, na waya wa milimita 2.5 za mraba unabaki uleule ukutani. Mteja anashukuru kwa kuwa umeme haukatiki tena. Ndugu mwananchi, hapo waya wako umeachwa bila kinga.

Breka haikuwekwa kuzuia volti nyingi, kama tunavyoambiwa kila mara. Huzima pale mkondo, yaani ampea, unapozidi uwezo wa waya. Mkondo ni volti ukigawanya kwa ukinzani (kiasi ambacho kifaa au waya huzuia mkondo, hupimwa kwa omu), kanuni ya Mjerumani Georg Ohm ya mwaka 1827. Kwa volti 230, birika la wati 2,000 lina ukinzani wa omu 26 hivi, kwa hiyo linavuta karibu ampea 9. Washa pamoja nalo pasi ya wati 1,000 na jiko la sahani mbili la wati 3,000, jumla inafika ampea 26. Joto la waya nalo hukua kwa mraba wa mkondo: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne.

Wenye mafriza ya samaki wazingatie zaidi urefu wa waya. Mita 50 za waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 1.15. Kwa ampea 10 unapoteza volti 11.5 njiani. Mota ya friza inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, volti zinashuka zaidi, mota inashindwa kuzunguka na kuungua. Kisha lawama zinakuja kwamba umeme wa mtaa ni mdogo!

Wakati mwingine ni kweli, transfoma imezidiwa. Ndiyo maana tunasisitiza kupima: vifaa vikiwa vimewaka, volti zipimwe kwenye meini swichi na kwenye soketi. Zikiwa pungufu kote kuwili, toa taarifa TANESCO, shirika la umeme. Zikipungua kwenye soketi tu, tatizo ni nyaya zako.

Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Dai kuiona, soma daraja lake na tarehe ya kuisha, mwambie aandike ukubwa wa waya na breka ya kila laini, kisha utunze nakala yenye muhuri. Usimvutie jirani umeme. Usichezee mita: ni kosa kisheria, utadaiwa umeme uliotumika bila kulipiwa, na mahakamani unaweza kupewa faini, kifungo au vyote viwili. Mzigo ukiongezeka, omba laini kubwa zaidi kabla ya kununua friza la pili.