Kuigeuza Emden kuwa Königsberg: dhana potofu na ukweli

Wapo wanaoamini kwamba manowari za Kijerumani zenye dohani tatu zilifanana kiasi kwamba seti ya plastiki ya kuunda mfano wa meli Emden, iliyotolewa na kampuni ya Revell kwa kipimo cha 1:350 (mfano ni mdogo mara 350 kuliko meli halisi), inahitaji kubadilishwa jina tu ili iwe Königsberg, meli iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ukweli ni kwamba Emden ilikuwa na urefu wa mita 118.3, ilhali Königsberg ilikuwa na mita 115.3; katika mfano, tofauti hiyo inakaribia milimita 9, nayo huonekana wazi kwa yeyote anayezijua meli hizi. Kipande cha ziada hukatwa katikati, mahali ambapo ubavu umenyooka, wala si kwenye omo, kisha nusu mbili huunganishwa kwa kibao cha plastiki kinachobandikwa kwa ndani, na mshono hujazwa puti na kupigwa msasa. Upana unatofautiana kwa sentimita 30 tu, yaani chini ya milimita moja, na sioni sababu ya kuugusa. Kazi yenyewe iko juu ya sitaha, kwa kuwa dohani na mizinga ya ubavuni lazima vipangwe upya kwa kufuata picha za Königsberg.

Hudhaniwa pia kwamba seti ya Dresden, meli pacha ya Emden, ingefaa vilevile. Lakini Dresden iliendeshwa kwa tabini za mvuke na rafadha nne (mapanga ya kusukuma meli chini ya maji), wakati Emden na Königsberg zilitumia injini za mvuke za pistoni na rafadha mbili. Anayeiunda meli ikielea kwenye bahari ya kutengeneza hahusiki na hilo, kwa kuwa rafadha hazionekani.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ya kuyaonyesha mabaki ya Königsberg katika delta ya Rufiji yakiwa bado na mizinga yake kumi. Baada ya meli kushambuliwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey, na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915, mizinga hiyo iliopolewa ikapigana nchi kavu, na mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa. Mtutu wake una urefu wa takribani mita 4.2, sawa na milimita 12 kwenye mfano. Anayetaka kuionyesha mizinga ikiwa mahali pake achague miezi iliyotangulia, meli ilipojificha kwenye mikoko huku imefunikwa matawi.