Brashi na sponji za mekapu: kuziosha na kuzikausha katika hewa ya Tanga

Anayefua taulo mjini Tanga wakati wa masika anajua kwamba likianikwa ndani usiku, asubuhi litakuwa bado na unyevu. Sponji ya mekapu ni nene kuliko taulo, na mara nyingi inarudishwa ndani ya kipochi chenye zipu ikiwa bado mbichi. Maswali mengi tunayojibu hapa yanahusu kuosha, lakini pwani shida kubwa huwa kwenye kukausha, kwa hiyo sehemu hiyo tumeieleza kwa urefu zaidi.

Mekapu ni yangu peke yangu. Brashi ikichafuka kuna ubaya gani?

Kila brashi inapopita usoni inaondoka na mafuta ya ngozi, jasho, chembe za ngozi iliyokufa na bakteria. Bakteria hao wakiwa wachache juu ya ngozi isiyo na jeraha hawana neno. Staphylococcus aureus, kwa mfano, anaishi puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Akipata mkwaruzo au chunusi uliyoitumbua, ndipo analeta jipu au vidonda vya usaha. Faundesheni iliyoganda kwenye brashi inampa mafuta, na brashi mbichi inampa maji.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walipima vipodozi ambavyo watu walikuwa wakivitumia, wakakuta takriban tisa kati ya kila kumi vina bakteria. Sponji ndizo zilizokuwa chafu kuliko vyote, na asilimia 93 ya sponji hizo hazikuwa zimewahi kuoshwa hata mara moja.

Kwa hiyo chunusi zangu zinatokana na brashi?

Si lazima. Chunusi zinaanzia kwenye homoni, mafuta mengi ya ngozi na vinyweleo vilivyoziba. Brashi chafu inaongeza mafuta na bakteria juu ya hayo. Ukiosha vifaa vyako vizuri kwa wiki sita na uso ukabaki vilevile, chanzo ni kingine, muone daktari wa ngozi. Tafadhali usikimbilie krimu za kuchubua. Nyingi zina steroidi, na ngozi iliyokondeshwa na steroidi inashikwa na fangasi na bakteria kwa urahisi zaidi.

Nioshe kila baada ya muda gani?

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri kuosha brashi kila baada ya siku 7 hadi 10. Brashi za faundesheni na za macho zisizidi wiki moja. Za poda kavu zinaweza kwenda hadi siku hizo kumi. Sponji ni jambo jingine kabisa: inatumika ikiwa imeloweshwa, kwa hiyo ioshwe kila inapotumika, siku hiyohiyo.

Sabuni ipi inafaa?

Shampuu ya watoto, au sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya mche inatoa mafuta vizuri, lakini ina magadi mengi na inakausha manyoya ya asili, yale ya mbuzi au kindi. Tena ukiitumia na maji ya kisima yenye chumvi, haitoi povu. Inafanya utando mweupe unaong'ang'ania kwenye manyoya, na brashi ikikauka inakuwa kama ufagio. Mtaani kwako maji yakiwa ya chumvi, kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi kwa ajili ya suuza ya mwisho. Hayana chumvi, na manyoya yanabaki laini.

Faundesheni isiyotoka kwa maji ilegeze kwanza kwa matone mawili ya mafuta ya nazi, sugua kiganjani, kisha osha kwa sabuni mara mbili. Mara ya kwanza sabuni inaondoa mekapu, mara ya pili inaondoa mafuta ya nazi yenyewe. Ukiruka mara ya pili utaacha mafuta ndani, na mafuta yaliyokaa yanachacha.

Usitumie ndimu. Tunajua wengi wanaitumia kukata harufu, lakini maji ya ndimu yakibaki kwenye brashi na kupakwa usoni, kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki au hata miezi. Jik nayo ibaki kwa nguo nyeupe: inachimba sponji, inatia kutu chuma cha brashi na kuwasha ngozi.

Hatua za kuosha brashi ni zipi?

Kwanza ijue brashi yako. Ina manyoya, ina pete ya chuma inayoyashika, na ina mpini. Ndani ya pete kuna gundi, na gundi ndiyo inayokufa mapema. Maji yakipanda ndani ya pete yanailainisha, manyoya yanaanza kung'oka, na mpini ukiwa wa mti unavimba na kupasuka rangi. Kwa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kichwa cha brashi kitazame chini, na maji yaishie kwenye manyoya. Usiloweke brashi kwenye kikombe.

Futa poda iliyozidi kwa kitambaa kikavu. Weka maji ya vuguvugu kiasi cha glasi moja, mililita 250, kwenye bakuli. Joto lake liwe kama la maji ya kumwogesha mtoto mchanga, kwa sababu maji ya moto yanalainisha gundi. Tia kijiko kimoja cha chai cha shampuu na ukoroge. Chovya ncha za manyoya tu, kisha zungusha brashi kiganjani taratibu kwa nusu dakika hadi dakika moja. Usisukume manyoya kurudi nyuma. Katikati ya brashi nene ya faundesheni ndipo uchafu unapojificha: tenganisha manyoya kwa vidole utaona rangi bado ipo hata kama nje pamekuwa peupe. Badilisha maji yakichafuka. Suuza kwa maji yanayotiririka, au kwa kumimina na kopo, mpaka maji yanayodondoka yawe meupe na manyoya yasiteleze tena. Utelezi maana yake sabuni haijaisha, na sabuni iliyobaki ni sababu ya kawaida ya uso kuwasha baada ya kupaka.

Kamua kwa kubana manyoya ndani ya taulo safi kuelekea kwenye ncha, bila kuvuta wala kusokota. Kisha yarudishie umbo lake kwa vidole, maana yakikaukia ovyo yanabaki ovyo.

Na sponji?

Iloweshe kabisa mpaka ivimbe, ndipo uipake sabuni. Ukiipaka ikiwa kavu, rangi inazama ndani zaidi. Minya na uachie, minya na uachie, mara ishirini hivi, povu likichafuka suuza na urudie. Kwa kawaida inahitaji sabuni mara mbili au tatu. Usiikwaruze kwa kucha; kila mchaniko ni chumba kipya cha fangasi. Suuza mpaka ukiiminya yatoke maji matupu bila povu.

Doa la rangi linaweza kubaki hata sponji ikiwa safi, hilo lisikusumbue. Kinachotakiwa kukusumbua ni vidoa vyeusi au vya kijani, au harufu ya uvundo inayorudi baada ya kuosha. Huo ni ukungu ulioshika ndani, na hakuna sabuni inayoufikia. Sponji hiyo itupwe. Ukiwa na mashaka, ikate katikati kwa wembe utazame. Wengi wakiona kilichomo hawarudii kuihurumia.

Pafu za poda zioshwe kwa mtindo huohuo.

Nimesikia sponji inawekwa kwenye maikrowevu, wengine wanaichemsha.

Usifanye. Sponji ikiwa na sehemu kavu ndani ya maikrowevu inaweza kuungua, na ikitoka imeloa maji yake yanakuwa moto wa kuunguza vidole. Kuchemsha nako kunailegeza, inaanza kumeguka vipande.

Nikaushe vipi kwa unyevu huu wa pwani?

Ukimaliza kuosha, umeondoa sehemu kubwa ya uchafu, si vimelea vyote. Wachache waliobaki, pamoja na waliotoka kwenye maji na mikononi, wanasubiri maji tu. Wakikosa maji hawaongezeki. Kuifunga sponji mbichi ndani ya kipochi ni kuivumbika kama ndizi.

Brashi zilaze ukingoni mwa meza, vichwa vikining'inia nje ili hewa izunguke pande zote. Kama zitateleza, weka taulo lililokunjwa chini ya mipini, vichwa viwe chini kidogo kuliko mipini. Usizisimamishe ndani ya glasi vichwa juu zikiwa mbichi, maji yote yatashuka kwenye gundi. Sponji iweke juu ya wavu, kichujio au mdomo wa glasi ndogo, isikae kwenye sahani, kwa sababu upande uliolalia haukauki.

Mahali pazuri ni dirishani penye upepo, kivulini. Jua la saa sita linakausha haraka, ni kweli, lakini linapasua rangi ya mpini na kuifanya sponji kuwa ngumu. Jua la asubuhi kwa saa moja halina tatizo. Usianike chooni wala bafuni, wala jikoni karibu na sufuria inayotoa mvuke. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, washa feni ielekee upande wake kama umeme upo. Brashi ndogo ya macho inakauka kwa saa chache; nene, pamoja na sponji, zinaweza kutaka saa 24 nzima. Ndiyo maana anayepaka kila siku anahitaji sponji mbili za kupokezana. Mbili za bei ya kawaida zilizokauka ni bora kuliko moja ya bei kubwa iliyo mbichi.

Utajuaje imekauka? Gusisha manyoya shingoni. Ukihisi ubaridi, bado ina maji. Sponji nayo inapokauka inasinyaa kurudi saizi yake ya mwanzo. Ikiwa bado imejaa, bado.

Zikishakauka kabisa, hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vinasaidia kunyonya unyevu wa hewa, lakini haviwezi kuikausha brashi iliyoloa. Viwe mbali na watoto.

Spiriti inatosha badala ya kuosha?

Haitoshi. Alkoholi inaua bakteria wengi lakini haiondoi mafuta wala mekapu iliyoganda, na vimelea vilivyojificha chini ya tabaka hilo vinasalimika. Osha kwanza, kausha, ndipo unyunyizie. Famasi uliza alkoholi ya aina ya isopropili ya asilimia 70. Hiyo inafanya kazi vizuri kuliko ya asilimia 95, kwa kuwa maji yaliyomo yanaichelewesha kukauka na kuisaidia kupenya. Spiriti ya kuwashia taa au ya fundi rangi isiguse kitu cha usoni. Ina methanoli, ambayo ni sumu. Na kama chumbani kuna chetezo cha udi chenye makaa, usinyunyizie humo. Alkoholi inashika moto kwa mvuke wake tu.

Mimi ni mpambaji. Kwenye harusi napamba bi harusi, somo yake, mawifi na mama mkwe, na begi ni moja. Nifanyeje?

Hapa hatari ni kubwa kuliko nyumbani, kwa sababu unahamisha vimelea vya mtu mmoja kwenda kwa mwingine ambaye mwili wake haujavizoea. Hesabu nyuso kabla hujatoka nyumbani, beba brashi za kutosha kila uso uwe na seti yake ya faundesheni na ya macho. Zilizotumika ziingie kwenye mfuko wake, zisichanganyike na safi. Brashi ya poda ukilazimika kuirudia, ifute mpaka isitoe rangi, inyunyizie alkoholi mpaka manyoya yaloe, uiache ikauke yenyewe.

Sponji haisafishiki kati ya mteja na mteja, liwe neno la mwisho hilo. Nunua zile za vipande vya bei ndogo, mmoja kipande chake, kisha tupa. Maskara tumia vijiti vya kutupa na usichovye kijiti kilekile mara ya pili. Lipstiki na krimu kwangua kwa kijiko safi cha bapa uweke kwenye kisahani, uchukue hapo.

Mteja mwenye macho mekundu usimpake machoni hata akikusihi. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Virusi vinavyousababisha mara nyingi, adenovirusi, ni sugu kwa alkoholi na vinaweza kukaa juu ya vitu kwa siku nyingi. Wanja, maskara na sponji vilivyomgusa mgonjwa huyo vitupwe. Malengelenge ya mdomoni yanafuata kanuni hiyohiyo kwa lipstiki.

Vifaa hivi vinadumu muda gani?

Sponji miezi mitatu ukiitunza, maskara vilevile miezi mitatu. Brashi nzuri inaenda miaka. Itupe ikianza kutoa manyoya kila unapopaka, pete ikilegea, au ikiwa na kutu.

Ni lini niende hospitali?

Jicho likiuma, likiogopa mwanga au kuona ukungu, nenda siku hiyohiyo, hasa kama unavaa lenzi za jichoni. Vivyo hivyo uso ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, au ukipata homa. Vidonda vyenye magamba ya rangi ya asali vinaambukiza; vinahitaji dawa, na taulo lako lisitumiwe na mwingine. Acha mekapu yote mpaka upone.

Sponji imeanguka chini na sherehe inaanza baada ya dakika kumi.

Osha kwa sabuni, suuza, kamua ndani ya taulo safi na uitumie. Inatumika ikiwa na unyevu, kwa hiyo hapa huna haja ya kusubiri ikauke. Maji yakiwa hayapo, paka kwa vidole vilivyooshwa.