Ligi ya hoki ya barafuni huanzia kwenye kompresa

Kazi yangu ni mitambo ya baridi hapa Kisumu: vyumba vya kuhifadhia minofu ya mbuta, mashine za barafu inayopelekwa ufuoni kwa wavuvi, friji za bucha. Tangu video za Wakenya wakicheza hoki ya barafuni zianze kuzunguka kwenye simu, wateja hawaachi kuniuliza mchezo huo ulifikaje Nairobi, na kama Kisumu nayo haiwezi kuupata. Nawaelewa, maana huku ukitaja hoki mtu anafikiria nyasi na wasichana wa shule ya Sinyolo. Jibu langu huwa refu. Nitalitoa kifundi, kwa sababu naamini ligi za watu wazima katika mchezo huu zina deni kubwa kwa watu wa kazi ya mitambo ya baridi kuliko kwa makocha.

Mechi inayotajwa kuwa ya kwanza ndani ya jengo ilichezwa Montreal, Kanada, tarehe 3 Machi 1875. James Creighton na wenzake walikuwa tisa kila upande, na badala ya mpira walitumia kisahani cha mbao, ili kisiruke kikawaumiza watazamaji. Lakini barafu yenyewe ilitegemea hali ya hewa. Majira ya baridi yakiisha, viatu vya kuteleza vinatundikwa ukutani hadi mwaka mwingine.

Januari 1876, John Gamgee alifungua Glaciarium jijini London, uwanja ulioganda kwa mtambo. Bwana huyu alikuwa daktari wa mifugo, na shida iliyomfikisha kwenye barafu ilikuwa nyama: namna ya kuigandisha ili ifike Uingereza kutoka Australia na New Zealand bila kuoza. Sakafu yake ilikuwa na zege, udongo, manyoya ya ng'ombe na mbao, kisha juu yake mabomba ya shaba yaliyopitisha mchanganyiko wenye gliserini. Leo tunaweka povu gumu la kuzuia joto badala ya manyoya, na glaikoli (kimiminika kisichoganda upesi) au maji ya chumvi badala ya mchanganyiko wake. Mengine ni yale yale. Ukinifungulia sakafu ya uwanja wa barafu nitaisoma kama ninavyosoma chumba cha samaki.

Frank Zamboni naye alitoka kwenye kazi yetu hii ya baridi. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha mabonge ya barafu kusini mwa California. Friji za nyumbani zilipoenea na wateja wakapungua, yeye na wenzake walijenga uwanja wa kuteleza katika mji wa Paramount mwaka 1940. Kero ikawa kulainisha uso wa barafu: wafanyakazi kadhaa walikuwa wakikwangua, wakimwaga maji na kungoja yagande, na kazi nzima ilikula zaidi ya saa moja. Mwaka 1949 akapata mashine inayokwangua, kuosha na kutandaza maji kwa dakika chache tu. Maji hayo siku hizi huwa moto, nyuzi kama 60 za Selsiasi. Vijana wangu wa karakana hucheka nikiwaambia hivyo, lakini maji ya moto hubeba hewa kidogo na huyeyusha kidogo uso wa zamani, kwa hiyo yanashikana nao vizuri na kuganda yakiwa magumu.

Mashine hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomfungulia mtu wa kawaida mlango. Uwanja ukilainishwa haraka, mwenye nao anaweza kuuza saa moja baada ya nyingine mfululizo. Kompresa, mashine zinazosukuma gesi ya kupoozea, haziulizi kama kuna mtu ndani. Zinakula stima usiku kucha. Saa nzuri za jioni zinakwenda kwa watoto na timu kubwa. Zinazobaki, saa nne au saa tano usiku, wanapewa mafundi bomba, walimu na mawakili wenye vitambi, wanaochangishana kulipia. Huko Marekani na Kanada, ligi za watu wazima zinaishi kwenye masalio hayo ya ratiba. Sheria nazo zikalegezwa, maana kesho yake watu wanaenda kazini: nyingi zimepiga marufuku kumgonga mwenzako kwa mwili. Hata wazee wana nafasi. Charles Schulz, mchoraji wa katuni za mbwa Snoopy, alijenga uwanja Santa Rosa, California, mwaka 1969, na kuanzia 1975 ukawa na mashindano ya wachezaji wa umri mkubwa. Yeye mwenyewe alikuwa akicheza.

Nairobi ilipata uwanja wake mwaka 2005, ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ni mdogo kuliko ule wa kimataifa wenye mita 60 kwa 30, na ulikusudiwa burudani ya familia. Hoki ilipenya kupitia wageni wa Marekani na Kanada waliokuja na magongo yao, na vijana wa Kikenya waliokuwa tayari wanajua viatu vya magurudumu. Timu ya Ice Lions ikaundwa 2016. Mwaka 2018 ilialikwa Kanada na kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons, ikacheza pamoja na nyota wa hoki wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Yote hayo yametokana na sakafu moja ya hoteli.

Sasa Kisumu. Uwanja kamili wenye barafu ya sentimita tatu ni tani kama 50 za barafu. Kuzigandisha mara ya kwanza si tatizo. Taabu ni kuziweka kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri wakati nje ni 30, tena kando ya ziwa. Adui mkubwa ni unyevu. Kila kilo ya mvuke inayotua juu ya barafu na kuganda huachia karibu kilojuli 2,800 za joto, kiasi cha kuyeyusha kilo zaidi ya nane za barafu. Usipoikausha hewa kwa mashine zake, utapata ukungu juu, matone darini, na barafu yenye vinundu. Kwa hiyo unalipia baridi mara mbili, ya sakafu na ya hewa, na jenereta ya akiba juu yake. Mfanyabiashara akiniuliza, namwelekeza Nakuru: iko mita kama 1,850 juu ya bahari, Kisumu 1,130 hivi, usiku kuna ubaridi, na hewa ni kavu zaidi.

Hata Nakuru nisingeanza na mabomba. Ningeanza na sakafu laini ya saruji yenye paa, kuta fupi za mbao kuzunguka, na hoki ya magurudumu, kwa kuwa wachezaji wa Nairobi nao walianzia kwenye magurudumu. Wakipatikana watu wazima wa kujaza zile nafasi za saa tano usiku kila wiki kwa mwaka mzima, tena wanaolipa bila kukumbushwa, hapo nitaleta hesabu ya kompresa.