Kuganda kwa kiungo cha taya: maana yake na matibabu yake

Kuganda kwa kiungo cha taya ni hali ambayo mfupa wa taya la chini huungana na fuvu mbele ya sikio, mahali ambapo kwa kawaida mifupa hiyo hutenganishwa na kisahani laini kinachoiwezesha kuteleza. Hali hii si sawa na taya linaloalika wakati wa kutafuna, tatizo ambalo mara nyingi hutulia kwa vyakula laini na kulipumzisha taya. Hapa umeota mfupa mpya, na hakuna dawa ya kumeza wala ya kuchua itakayouondoa.

Mtu mzima mwenye afya hufumbua kinywa kiasi cha milimita 35 hadi 50, takriban upana wa vidole vyake vitatu, ilhali mgonjwa aliyeganda kabisa hawezi kupitisha hata ncha ya kijiko, hivyo hufyonza uji katikati ya meno ambayo mswaki hauyafikii upande wa ndani.

Chanzo kikubwa ni jeraha, hasa la mtoto anayeangukia kidevu, kwa sababu pigo hupanda hadi kwenye kiungo, kichwa cha mfupa huvunjika, damu huvilia humo na polepole mfupa huota. Inasikitisha kwamba mara nyingi kidevu hushonwa na mtoto akarudishwa nyumbani bila yeyote kumpapasa mbele ya masikio. Taya lake baadaye hudumaa, njia ya hewa hubanwa, naye hukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini.

Tiba ni upasuaji. Utaratibu uliochapishwa mwaka 1990 na Leonard Kaban na wenzake wa Marekani ulisisitiza kuondoa mfupa wote ulioganda, kutandika nyama ya panja katika pengo, kujenga upya kiungo kwa kipande cha ubavu chenye gegedu, na kuanza mazoezi mapema. Kwa mtu mzima, kiungo bandia huweza kuwekwa badala ya ubavu.

Mazoezi hayo ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Vijiti bapa vya mbao hupangwa katikati ya meno, kikiongezwa kimoja baada ya kingine, kila siku kwa miezi mingi, na mtoto hulia kwa maumivu. Mzazi akimhurumia na kuacha, mfupa huweza kuota tena palepale ulipokatwa.